Jinsi majarida ya London yalivyowachora wafalme wa kigeni enzi za Malkia Victoria, kuanzia Tsar Nicholas I hadi Leopold II

#1 Mleta uzi

Ndugu zangu, salaam. Uzi huu unahusu vibonzo vya kisiasa vilivyochapishwa katika majarida ya London wakati wa utawala wa Malkia Victoria, yaani kuanzia 1837 hadi 1901, na hasa namna wafalme, masultani na makaisari wa nchi nyingine walivyochorwa humo. Hoja yangu ni kwamba sura aliyopewa mfalme wa kigeni ilitegemea zaidi uhusiano wake na serikali ya Uingereza katika majuma yale kuliko mwenendo wake mwenyewe, kiasi kwamba mtu yuleyule aliweza kuchorwa kama mnyama wa hatari mwaka huu, na mwaka mwingine akachorwa kama mgeni mheshimiwa, ilhali tabia yake haikubadilika.

Jarida lililoongoza katika kazi hiyo ni Punch, ambalo toleo lake la kwanza ni la tarehe 17 Julai 1841. Lilitoka kila wiki, liliuzwa kwa peni 3, na lilisomwa zaidi na watu wa tabaka la kati: mawakili, wafanyabiashara, makasisi, wabunge na familia zao. Wengi hudhani kwamba mchoraji alikaa peke yake akachora lililomjia kichwani, na ndiyo maana naomba tuanze na namna kazi ilivyofanyika. Kila Jumatano jioni mhariri, waandishi na wachoraji walikutana kwa chakula pamoja na wamiliki wa jarida, na baada ya kula walibishana hadi wakaafikiana kuhusu kibonzo kikubwa cha toleo lijalo: mada yake, wahusika wake, na hata maneno ya kuwekwa chini yake. John Tenniel, aliyejiunga na jarida hilo mwishoni mwa 1850 na kulichorea kwa muda wa miaka 50, aliipokea mada Jumatano usiku, akaitafakari Alhamisi, na Ijumaa akakaa kutwa akichora juu ya ubao mgumu, hadi jioni mjumbe wa mchongaji Joseph Swain alipokuja kuuchukua. Ubao wenyewe uliundwa kwa vipande vidogo vilivyokazwa pamoja kwa bolti, ili viweze kufunguliwa, wachongaji kadhaa wagawane kazi, kisha viunganishwe tena tayari kwa mashine ya kuchapia.

Utaratibu huo una matokeo mawili ambayo naomba tuyakumbuke katika mjadala wote. Kibonzo kilikuwa kauli ya meza nzima ya watu waliosoma magazeti yaleyale na kuogopa mambo yaleyale, wala hakikuwa maoni ya msanii mmoja. Tena, kwa kuwa siku kadhaa zilipita kati ya mazungumzo ya Jumatano na siku msomaji alipolifungua jarida, mchoro ulipaswa kutegemea alama ambazo kila mtu alikwisha kuzijua: dubu wa Urusi, simba wa Uingereza, tai, tarbushi, taji, au masharubu ya mtu fulani.

Mfano ninaouona kuwa mzito kuliko yote ni wa Tsar Nicholas I. Wakati wa Vita vya Crimea yalienea maneno aliyohusishwa nayo, kwamba Urusi ilikuwa na majenerali wawili wa kutegemewa, Jenerali Januari na Jenerali Februari, kwa maana kwamba baridi ingewamaliza Waingereza na Wafaransa waliokuwa wameuzingira mji wa Sevastopol. Majira yale ya baridi yaliwaangamiza askari wengi wa Uingereza kweli, kwa maradhi na kwa uhaba wa nguo na chakula. Kisha Tsar mwenyewe akaugua kifua, akafariki tarehe 2 Machi 1855, siku ambayo kwa kalenda ya Urusi ya wakati ule ilikuwa bado ndani ya Februari. Katika toleo la tarehe 10 Machi, John Leech alichora kibonzo kiitwacho “Jenerali Februari Ageuka Msaliti”: Tsar amelala kitandani, na Kifo, kiunzi cha mifupa kilichovaa sare ya jenerali wa Kirusi, kimeuweka mkono wake juu ya kifua cha mgonjwa huku theluji ikipeperuka. Wapo waliouona mchoro huo kuwa ukatili kwa marehemu. Mimi nauona kuwa mkali bila kuwa wa kudhalilisha, kwa sababu Leech hakuucheka uso wa Tsar wala umbo lake. Alichofanya ni kuyachukua maneno aliyohusishwa nayo na kuyarudisha yalikotoka. Hata hivyo, adui yule angefariki miaka mitano kabla, Uingereza ikiwa haina ugomvi naye, ni vigumu kuamini kwamba meza ya Jumatano ingefikiria mchoro wa namna ile.

Sasa mtazameni Napoleon III wa Ufaransa. Huyu aliwahi kuishi London kama mkimbizi wa kisiasa, na mwezi Aprili 1848, Waingereza walipohofia ghasia za wafanyakazi waliodai haki ya kupiga kura, alikula kiapo cha kuwa askari polisi wa kujitolea. Kwa hiyo wachoraji walimfahamu kwa sura, na masharubu yake yaliyopakwa nta hadi ncha zikawa kama sindano yalitosha kumtambulisha hata bila jina. Alipoipindua katiba ya nchi yake Desemba 1851, Punch ilimshambulia kama mnyang’anyi wa madaraka. Miaka mitatu baadaye Ufaransa na Uingereza zilikuwa zikipigana upande mmoja dhidi ya Urusi, na Aprili 1855 akakaribishwa na Malkia katika kasri la Windsor, hivyo kalamu zikalainika. Lakini Februari 1859, alipokuwa akijiandaa kuingia vitani Italia na Waingereza wakaanza kuhofia kwamba wao ndio watakaofuata, Tenniel alimchora kama nungunungu ambaye miba yake yote ni singe za bunduki. Maneno ya chini yalisema kwamba huenda mnyama huyo hana madhara, lakini haonekani hivyo. Yalimlenga mtu ambaye mwaka 1852, katika mji wa Bordeaux, alitangaza kwamba ufalme wake ungekuwa amani.

Mwisho wake katika Punch ulikuwa wa namna nyingine kabisa. Tarehe 6 Agosti 1870, vita na Prussia, dola kubwa ya Kijerumani, vikiwa ndio kwanza vimeanza, Tenniel alimchora akiwa njiani kuelekea vitani, juu ya farasi, mwanawe kijana akiwa pembeni yake, na mbele yao mzuka wa amu yake, Napoleon I, umesimama kuwazuia ukiwaambia wajihadhari. Siku hiyohiyo iliyoandikwa kwenye toleo hilo, majeshi ya Ufaransa yalipigwa katika vita viwili, na tarehe 2 Septemba mfalme mwenyewe akajisalimisha katika mji wa Sedan. Baadaye alirudi Uingereza kuishi Chislehurst hadi alipofariki Januari 1873, na hakuna tena aliyemuona kama nungunungu.

Nawakaribisha wenye hoja, hasa wenye hoja zinazopinga hii yangu.

#2 Mchangiaji

Ndugu mleta uzi, asante kwa maelezo yaliyotulia. Nina maswali mawili. La kwanza ni la kisheria: je, mabalozi wa nchi hizo waliridhika kuona wafalme wao wakifanywa nungunungu katika mji mkuu wa nchi rafiki, na je, hapakuwa na sheria ya kuwazuia wachoraji? La pili ni la haki: kama walikuwa na uhuru kiasi hicho, mbona sioni ukitaja jinsi walivyomchora Malkia wao wenyewe?

#3 Mleta uzi

Ndugu, maswali yote mawili ni ya msingi.

Kuhusu sheria, Uingereza haikuwa na ofisi ya serikali ya kukagua mchoro kabla haujachapishwa. Kashfa dhidi ya mtawala wa nchi rafiki ilikuwa kosa kwa mujibu wa sheria za Kiingereza, na mwaka 1803 mkimbizi wa Kifaransa Jean Peltier alitiwa hatiani London kwa maandishi yaliyomshambulia Napoleon Bonaparte, yaani Napoleon I. Hata hivyo, kesi ya namna hiyo ililazimika kupita mbele ya baraza la wazee wa mahakama, na serikali yenye busara haikutaka kumfanya mhariri kuwa shujaa. Wafalme wenyewe walikuwa na njia nyingine, nayo ni kulizuia jarida mipakani mwao, na Punch ilizuiwa kuingia Ufaransa zaidi ya mara moja.

Tofauti na bara la Ulaya ilikuwa kubwa. Huko Paris, Charles Philipon alishtakiwa mwaka 1831 kwa kumdhihaki Mfalme Louis-Philippe, na katika kujitetea aliwaonyesha mahakimu michoro minne ambayo kichwa cha mfalme kinageuka hatua kwa hatua kuwa tunda la peasi, akauliza ni kwenye mchoro upi hasa kosa linaanzia. Honoré Daumier alifungwa miezi sita mwaka 1832 kwa kumchora mfalme huyohuyo kama jitu linalomeza vikapu vya fedha za maskini. Mwaka 1835 ikatungwa sheria iliyotaka kila mchoro upate kibali kabla ya kuchapishwa, na ingawa masharti hayo yaliondolewa na kurudishwa mara kadhaa, wachoraji wa Ufaransa hawakuwa huru moja kwa moja hadi sheria ya 1881. Ujerumani nako, mwaka 1898, jarida la Simplicissimus la Munich lilipoidhihaki safari ya Kaiser Wilhelm II kwenda Palestina, mchoraji Thomas Theodor Heine na mshairi Frank Wedekind walifungwa, na mchapishaji Albert Langen akakimbilia uhamishoni. Kwa hiyo kuna jambo la kusikitisha hapa: Mfaransa wa miaka ya 1850 aliyetaka kuona mchoro wa kweli wa kumkosoa mfalme wake aliweza kuupata kwa urahisi zaidi London kuliko Paris.

Kuhusu Malkia, mstari ulikuwepo, ila ulichorwa na wahariri wenyewe. Punch ilimchora Victoria mara nyingi, lakini kwa upole uliozidi kila muongo ulivyopita. Mwaka 1867, alipokuwa bado amejifungia kwa sababu ya kifo cha mumewe, jarida changa la Tomahawk lilithubutu kuchapisha mchoro wa Matt Morgan unaoonyesha kiti cha enzi kikiwa kitupu, na mtumishi wake Mskoti, John Brown, ameegemea kando yake. Mchoro huo ulizua gumzo kubwa, na jarida lenyewe halikudumu baada ya 1870. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha ukubwa wa tofauti: walichomfanyia Napoleon III kwa kawaida tu, kwa Malkia wao kilihesabiwa kuwa ujasiri wa kupindukia.

#4 Mchangiaji

Mkuu, nimesoma kwa makini, lakini naomba nitofautiane nawe katika jambo la msingi. Unasema kipimo kilikuwa uhusiano na London katika wiki ile. Hilo ni kweli kwa wafalme wa Ulaya. Kwa wafalme wa Afrika na Asia palikuwa na kipimo kingine kilichotangulia hicho, nacho ni rangi yao.

Chukua Cetshwayo kaMpande, mfalme wa Wazulu. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi lake liliishinda kambi ya Waingereza pale Isandlwana, ambapo zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Waingereza waliuawa, wakiwemo Waafrika waliokuwa wakiwatumikia. Hilo lilikuwa pigo kubwa kuliko mengi waliyowahi kupata barani Afrika. Tarehe 1 Machi, Punch ilitoa kibonzo cha Tenniel kiitwacho “Somo”, ambamo John Bull, yule mzee mnene anayeiwakilisha Uingereza, ameketi kama mwanafunzi, na mbele yake shujaa wa Kizulu anamwandikia kwamba asimdharau adui yake. Watu huutaja mchoro huo kama ushahidi wa unyenyekevu wa Punch, na sikatai kwamba una ujumbe wa haki. Lakini mtazame huyo mwalimu ni nani. Ni Mzulu asiye na jina. Nicholas I alichorwa Nicholas, na Napoleon alichorwa na masharubu yake hadi ncha. Ila mfalme aliyekuwa na mipango, washauri, mipaka ya kulinda na hoja za kidiplomasia ambazo alikuwa amewatumia Waingereza kwa miezi mingi kabla ya vita, nafasi yake imechukuliwa na mtu wa mkuki anayewakilisha kabila zima.

Tena vita hivyo vilimgusa mtu uliyemtaja mwenyewe. Yule kijana aliyepanda farasi kando ya Napoleon III katika mchoro wa 1870 ndiye aliyeuawa na Wazulu tarehe 1 Juni 1879, akiwa amevaa sare ya Uingereza. Majarida ya London yaliyokuwa yamemcheka baba yake kwa miaka 20 yalimlilia mwana kama mmoja wao. Wazulu walioanguka kwa maelfu hadi Ulundi tarehe 4 Julai hawakupewa mchoro wa maombolezo.

#5 Mleta uzi

Ndugu, hoja yako ina nguvu na inaukamilisha uzi. Nakubaliana nawe kwamba mfalme wa Ulaya alichorwa kama mtu na mfalme wa Afrika kwa kawaida alichorwa kama aina ya watu. Ningependa tu kuongeza kwamba hata kwa Cetshwayo uhusiano na London ulibadilisha sura. Alikamatwa Agosti 1879, akawekwa kizuizini Cape Town, na mwaka 1882 aliruhusiwa kusafiri hadi Uingereza kudai ufalme wake. Watu walijazana barabarani kumtazama, Malkia alimpokea katika makazi yake ya Osborne, na jarida la Vanity Fair likachapisha picha yake iliyochorwa na Leslie Ward, aliyetumia jina la Spy, katika toleo la tarehe 26 Agosti 1882, chini yake pakiwa na neno linalomaanisha “Amerudishwa”. Hapo alikuwa na jina na uso wake mwenyewe. Inauma kukumbuka kwamba alirudishiwa sehemu tu ya nchi yake Januari 1883, ikiwa imegawanywa kwa namna iliyozaa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na akafariki Februari 1884.

Vanity Fair inastahili maelezo kidogo. Ilianzishwa na Thomas Gibson Bowles mwaka 1868, na tofauti yake na Punch ni kwamba picha zake zilichapishwa kwa rangi, zikionyesha mtu mmoja tu bila hadithi. Katika nusu ya pili ya 1869 ilitoa mfululizo wa watawala: Napoleon III, Malkia Isabella wa Hispania ambaye alikuwa amekwisha kupinduliwa, Alexander II wa Urusi, Sultani Abdulaziz wa Uturuki na wengine. Mchoraji wa nyingi kati ya hizo alikuwa Mfaransa James Tissot. Katika jarida hilo Sultani wa Uturuki na mfalme wa Ulaya walipewa ukurasa wa ukubwa uleule, na kwa maoni yangu hapo ndipo usawa ulipoishia, kwa kuwa maneno ya chini ya picha ndiyo yaliyohukumu.

Kuna mchoro mmoja wa Tenniel ambao nadhani unapingana na kanuni yako kwa kiasi fulani. Tarehe 30 Novemba 1878, jeshi la Uingereza likiwa limeivamia Afghanistan siku chache kabla, Punch ilimchora Amiri Sher Ali amesimama peke yake, dubu wa Urusi upande mmoja na simba wa Uingereza upande wa pili, wote wawili wakimtazama kwa macho ya uchu, na maneno ya chini yakiwa ombi lake la kuokolewa kutoka kwa marafiki zake. Amiri yule hakufanywa kichekesho. Mnyama wa Uingereza ndiye aliyewekwa sawa na mnyama wa Urusi, na msomaji wa London aliyekuwa na macho aliweza kuona nchi yake inatenda nini. Sher Ali alifariki Februari 1879 akiwa ameukimbia mji wake mkuu.

#6 Mchangiaji

Nami nawasalimu kutoka Unguja. Ningeomba mleta uzi amguse Kaiser Wilhelm II, kwa kuwa yeye na bibi yake, Malkia Victoria, wanatuhusu sisi moja kwa moja: mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, ambao Ujerumani ilipata kisiwa cha Heligoland na Uingereza ikaachiwa njia ya kuifanya Zanzibar nchi ya himaya, ulitiwa saini katika jina la serikali za watu hao wawili. Je, majarida yalimwona vipi mwaka huo? Na je, Seyyid Barghash alipokwenda London mwaka 1875 alipokelewaje na wachoraji?

#7 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Unguja, mwaka 1890 ndio mwaka ambao Kaiser alichorwa vizuri kuliko wakati mwingine wowote. Tarehe 29 Machi, siku chache baada ya kumwondoa Bismarck, kansela mkongwe wa Ujerumani, madarakani, Punch ilitoa mchoro wa Tenniel uliochukua kurasa mbili, ambamo Bismarck, amevaa mavazi ya rubani wa meli, anashuka ngazi za ubavuni kuelekea mashua, mzito na mtulivu, mkono mmoja ukigusa ubavu wa meli. Juu, akiwa ameegemea ukingo, Kaiser kijana wa miaka 31 anamtazama, taji kichwani, mikono ameikunja. Hakuna tusi hata moja. Hakuna mnyama. Kila anayeutazama hujiuliza mwenyewe meli itaongozwa na nani baada ya hapo, na ni kwa sababu hiyo mchoro huu ungali unaigwa na wachora vibonzo wa nchi nyingi kila kiongozi mkongwe anapoachishwa kazi.

Mwezi Mei, Tenniel huyohuyo alimchora Kaiser kama mtoto mtukutu anayeitikisa mashua, huku watawala wenzake wakimsihi aache asije akawazamisha wote. Ni majuma machache tu yanayotenganisha mfalme mwenye taji na mtoto mtukutu, na hata mkataba ulioutaja, ambao Waziri Mkuu Salisbury aliuona kuwa ushindi, haukumwondolea sura hiyo ya utoto. Alipompelekea Rais Kruger wa Transvaal, jamhuri ya Makaburu huko Afrika Kusini, telegramu ya pongezi tarehe 3 Januari 1896, baada ya kushindwa kwa uvamizi wa Jameson na watu wake waliotoka upande wa Waingereza, hasira ya Waingereza ilikuwa kubwa, na wachoraji wa London hawakumhurumia tena.

Kuhusu Seyyid Barghash, ziara yake ya Juni na Julai 1875 ilishughulikiwa kwa wingi na magazeti ya picha, kama vile Illustrated London News na Graphic. Hiyo ni kazi ya aina nyingine: michoro ya kuripoti, inayoonyesha mapokezi, mavazi na msafara, wala si vibonzo vya kutoa hukumu. Alikuwa ametia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa miaka miwili kabla, kwa shinikizo la manowari za Kiingereza, na London ilitaka kumwonyesha kama mgeni aliyeridhia.

#8 Mchangiaji

Jambo kwenu wote, mimi ni msomaji wa Lubumbashi. Kwetu sisi jina zito katika habari hii ni Leopold II wa Ubelgiji, na nashukuru kwamba kichwa cha uzi kimemtaja. Mchoro tunaoufahamu ni ule wa Punch wa tarehe 28 Novemba 1906, uliochorwa na Edward Linley Sambourne. Nyoka mkubwa wa mpira, ule utokanao na utomvu wa mimea, mwenye kichwa cha Leopold na ndevu zake ndefu amemzonga mwanamume Mkongomani, naye anahangaika kujinasua. Nyuma, mwanamke anakimbia na mtoto wake. Najua kwamba Victoria alikwisha kufariki wakati huo, lakini mchoraji alikuwa na Punch tangu 1867, kwa hiyo mkono ni wa enzi ile.

Ninachouliza ni hiki. Leopold alitambuliwa kuwa mwenye Dola Huru ya Kongo mwaka 1885. Watu wetu walikatwa mikono, vijiji vikachomwa, wake za watu wakashikwa mateka hadi waume zao walete mpira wa kutosha. Kwa nini nyoka huyo alichelewa miaka zaidi ya 20?

#9 Mleta uzi

Ndugu wa Lubumbashi, swali lako linastahili jibu la wazi. Tarehe 9 Oktoba 1869, Vanity Fair ilipomweka Leopold katika mfululizo wake wa watawala, ilimwita mfalme wa kikatiba, na hiyo ndiyo sura aliyoitunza kwa bidii kwa muda mrefu. Alikuwa jamaa ya Victoria, kwa kuwa baba yake alikuwa mjomba wa Malkia. Nchi yake ilikuwa ndogo, isiyomtishia Mwingereza yeyote. Na alijitangaza kuwa mfadhili wa sayansi na adui wa biashara ya watumwa. Meza ya Jumatano haikuwa na sababu ya kumwogopa, na kama nilivyosema mwanzoni, hofu ndiyo iliyonoa kalamu. Mateso ya watu wa Kongo hayakuigusa London hadi yalipoletwa na watu waliotafuta ushahidi. Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli, aliona katika kumbukumbu za meli kwamba mpira na pembe za ndovu zilitoka Kongo kwa wingi ilhali kilichopelekwa huko kilikuwa zaidi silaha na risasi. Ripoti ya balozi mdogo Roger Casement ilichapishwa mapema 1904, na mwezi Machi mwaka huo kikaundwa Chama cha Mageuzi ya Kongo. Picha za kamera za mmisionari Alice Seeley Harris zilionyeshwa katika mikutano ya hadhara mji kwa mji. Punch ilikuja nyuma ya wote hao.

Kwa hiyo sitakubali kumpa Sambourne sifa ya kuanzisha lolote. Hata hivyo, alichofanya kina uzito. Alikuwa mchoraji aliyetegemea kamera kuliko Tenniel, aliyependa kuchora kwa kumbukumbu. Sambourne aliwavisha nguo watu wa nyumbani mwake, na mara nyingine yeye mwenyewe, akawapiga picha wakiwa katika mkao aliotaka, ndipo akachora. Ndiyo maana mwili wa mtu yule aliyezongwa una uzani wa mwili wa kweli. Na kwa mara moja mpangilio ambao mchangiaji namba 4 aliulalamikia umegeuzwa: mfalme wa Ulaya ndiye aliyenyimwa umbo la binadamu. Lililobaki bila kurekebishwa ni kwamba Mkongomani bado hana jina, ilhali mwaka 1906 majina ya waathirika na mashahidi wengi yalikuwa yamekwisha kuandikwa katika ripoti, na yeyote aliyetaka kuyajua angeweza kuyasoma.

Miaka miwili baadaye, Novemba 1908, Leopold alilazimika kuiachia Kongo ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Alifariki Desemba 1909, na Sambourne akamfuata mwaka 1910.